Edinburgh, Salzburg au Lisbon: ngome ipi ya kilimani kwa safari ya siku mbili tatu?

Kwenye picha zote tatu zinafanana: kilima katikati ya mji, kuta za mawe juu yake, mapaa ya nyumba chini. Ndiyo maana wengi huchagua kwa kuangalia bei ya ndege tu, kisha wakifika wanapigwa na butwaa. Aliyetaka vyumba vya kifalme na dari za dhahabu anajikuta Lisbon, mbele ya kuta tupu na tausi wanaozurura wakitafuta makombo. Aliyetaka kukaa juu ya ukuta na kutazama jua likizama anajikuta Edinburgh, ambako majira ya baridi lango hufungwa saa kumi na moja jioni, na giza limeshaingia zamani.

Mimi nazitofautisha hivi. Ngome ya Edinburgh ni kambi ya jeshi iliyojaa makumbusho. Hohensalzburg, ile ya Salzburg, yalikuwa makazi ya maaskofu wakuu waliokuwa watawala, tena matajiri na wenye maadui wengi. Castelo de São Jorge ya Lisbon ni mahali pa kutazamia mji, pamezungushiwa kuta za kale ambazo sehemu kubwa zilitengenezwa upya karne iliyopita. Hakuna mbaya kati ya hizo. Ubaya ni kwenda kwenye moja ukiwa na matarajio ya nyingine.

Viza huamua kabla yako

Kwa wenye pasipoti za Afrika Mashariki, uchaguzi mara nyingi unaanzia ubalozini. Viza ya Schengen inakuingiza Austria na Ureno. Uingereza ina viza yake peke yake. Kama umekwenda Ujerumani au Ufaransa kwa mkutano na umebakiwa na siku kwenye viza, Salzburg au Lisbon ni suala la kukata tiketi tu. Salzburg hasa iko karibu na Munich, chini ya saa mbili kwa treni. Edinburgh inamfaa aliyeko Uingereza tayari: kutoka London treni huchukua kama saa nne na nusu. Kuomba viza ya Uingereza kwa ajili ya ngome moja sioni kama inalipa, labda uwe na ndugu huko wa kufikia kwao.

Kupanda

Hapa tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na kwa anayesafiri na mzazi mwenye magoti mabovu au mtoto wa kigari, jambo hili lingetosha kumaliza mjadala.

Mwamba wa Edinburgh ni kiini cha volkano iliyozimika, cha miaka karibu milioni 350. Enzi za barafu, mto mkubwa wa barafu uliokuwa ukisogea kutoka magharibi uligonga mwamba huo mgumu, ukakwangua mbele na pembeni, lakini nyuma yake mawe laini yalipata kinga. Yalibaki kama mkia mrefu unaoteremka taratibu kuelekea mashariki. Barabara ya Royal Mile imejengwa juu ya mkia huo. Kwa hiyo ukianzia chini, Holyrood, ukapanda polepole ukisimama madukani, unafika langoni bila kuhema. Ukija kutoka Grassmarket, upande wa kusini, unakutana na ngazi na mteremko mkali. Ukiwa Princes Street, upande wa kaskazini, unauona mwamba wenyewe umesimama wima mbele yako na unaelewa kwa nini kulikuwa na njia moja tu ya kuingia. Ukishapita lango bado kuna barabara ya mawe inayozunguka kupanda hadi juu kabisa. Wasioweza kutembea hupelekwa kwa gari la ngome, ulizia mapema.

Salzburg walishalimaliza tatizo hilo mwaka 1892. Kuna treni fupi inayovutwa kwa kamba ya chuma, inapanda kilima kwa dakika moja hivi. Ukipenda kwa miguu, njia inaanzia karibu na uwanja wa Kapitelplatz, na mtu wa kawaida atatumia kama dakika ishirini za kupanda kweli kweli. Ushauri wangu ni kupanda kwa treni na kushuka kwa miguu. Upande wa pili wa kilima, karibu na monasteri ya masista ya Nonnberg, kuna reli nyingine iliyo ya ajabu zaidi ingawa haichukui abiria: Reisszug, iliyoandikwa habari zake tangu mwaka 1515. Ilikuwa ya kupandishia mizigo, kamba ikiwa ya katani na nguvu ikiwa ya watu au wanyama. Siku hizi ina mota, na bado inapandisha mizigo ya ngome. Wageni wengi huondoka Salzburg bila kujua kwamba walipita karibu na mojawapo ya reli za kale zaidi duniani.

Lisbon kilima si kirefu, lakini vijia vyake vimetandikwa mawe madogo ya chokaa yaliyosuguliwa na nyayo mpaka yanang'aa. Mvua ikinyesha kidogo tu, yanateleza. Vaa raba zenye soli ya kushika. Basi namba 737 linatoka Praça da Figueira hadi mlangoni, na kuna lifti za umma zinazokupunguzia sehemu kubwa ya mlima kutoka Baixa, katikati ya mji kule chini. Tramu ya 28, ile ya njano inayopendwa kwenye picha, inapita chini ya ngome tu, haifiki langoni, hujaa kupita kiasi, na wezi wa mifukoni wanaijua kuliko madereva.

Utakachokikuta ndani

Edinburgh ina vitu vingi kiasi kwamba saa tatu hazitoshi kwa mpenda historia. Kuna kanisa dogo la Mtakatifu Margaret, jengo kongwe kuliko yote mjini humo, lililojengwa karibu mwaka 1130 na mfalme David I kwa kumkumbuka mama yake. Ni chumba kidogo tu. Wakiingia watu ishirini mnabanana. Kuna taji, fimbo na upanga wa wafalme wa Scotland, ambavyo baada ya muungano na Uingereza wa mwaka 1707 vilifungiwa ndani ya sanduku na kusahaulika hadi mwandishi Walter Scott alipopewa ruhusa ya kulifungua mwaka 1818. Kuna chumba kidogo ambamo Malkia Mary alimzaa James VI mwaka 1566, mtoto aliyekuja kuwa mfalme wa Scotland na England kwa pamoja. Na kuna makumbusho ya vita ambayo peke yake ingekuwa safari.

Jambo moja la kuangalia: maelezo mengi ya zamani bado yanasema Jiwe la Majaaliwa (Stone of Destiny), lile ambalo wafalme wa Scotland walikuwa wakitawazwa juu yake, liko humu. Lilikuwa humu tangu liliporudishwa kutoka London mwaka 1996, lakini mwaka 2024 lilihamishiwa makumbusho ya mji wa Perth. Kama ndilo unalolifuata, badili safari.

Mimi nikiambiwa nichague kitu kimoja humo, nitachagua Mons Meg. Ni mzinga uliotengenezwa mwaka 1449 huko Mons, katika Ubelgiji ya leo, ukapelekwa kwa mfalme James II kama zawadi. Ulirusha mawe ya kilo 150 hivi. Usiutazame kwa mbali. Zunguka pembeni uone jinsi mtutu ulivyoundwa: vyuma virefu vimepangwa ubavu kwa ubavu, kisha pete za chuma zikavishwa juu yake zikiwa za moto ili zikipoa zikaze. Upande wa juu, karibu na nyuma, utaona pete zimepasuka na kufumuka. Hapo ndipo ulipolipukia mwaka 1681, wakati wa kupiga saluti ya siku ya kuzaliwa ya ndugu wa mfalme. Haukufyatuliwa tena baada ya hapo. Chini kidogo ya hapo, ukichungulia ukutani, kuna makaburi ya mbwa wa wanajeshi, kila mmoja na kijiwe chake. Watoto huwa hawataki kuondoka.

Kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, saa saba kamili mchana, mzinga hupigwa kutoka ukutani. Utaratibu huo ulianza mwaka 1861 ili mabaharia walioko bandarini Leith warekebishe saa zao. Kama una mtoto mchanga au moyo mwepesi, saa saba kasoro dakika tano uwe ndani ya jengo.

Hohensalzburg ina mambo mengine. Ujenzi ulianza mwaka 1077 chini ya Askofu Mkuu Gebhard, wakati papa na mfalme wa Ujerumani wakigombania nani mwenye mamlaka ya kuteua maaskofu. Gebhard alikuwa upande wa papa, akahitaji mahali pa kujificha. Walioufuata utawala wake waliendelea kuongeza kuta kwa karne kadhaa, mpaka ikawa mojawapo ya ngome kubwa za enzi za kati zilizobaki Ulaya. Mwaka 1525 wakulima na watu wa migodini walioasi walimzingira humu Askofu Mkuu Matthäus Lang, wakashindwa kuingia. Haikuwahi kutekwa kwa nguvu. Wafaransa walipofika mwaka 1800 ilikabidhiwa bila mapigano. Hiyo ndiyo siri ya uzima wake. Ya Edinburgh ilibomolewa na kujengwa mara nyingi, na mwaka 1573 mizinga iliangusha mnara wake mkuu, kwa hiyo unachokiona leo ni tabaka juu ya tabaka. Ya Salzburg unaiona karibu kama walivyoiacha wenyewe.

Vyumba vya kutafuta viko ghorofa ya juu, vilivyopambwa na Leonhard von Keutschach mwanzoni mwa miaka ya 1500. Dari la ukumbi ni la buluu, limepigiliwa vifundo vya dhahabu kama nyota, na juu yake inapita boriti moja ya urefu wa mita 17. Chumba cha pili kina jiko la kupashia joto la vigae vya rangi, la mwaka 1501, na hapo ndipo pa kuchukua muda wako. Ni refu kuliko mtu, na kila kigae kina mchoro wake: watakatifu, wafalme, maua, matunda. Kote ngomeni utakutana na nembo ya Leonhard, ambayo ni mzizi wa kuliwa unaofanana na figili nene yenye majani. Iko zaidi ya mara hamsini. Wapeni watoto kazi ya kuzihesabu na nyinyi mtapata utulivu.

Kuna pia kinanda cha mabomba cha mwaka 1502, zaidi ya mabomba 200, ambacho wenyeji hukiita Fahali kwa sababu ya mngurumo wake. Husikika mji mzima. Kuhusu ng'ombe, wenyeji wana kisa cha wakati ngome ilipozingirwa vitani: chakula kilipobaki fahali mmoja tu, walimtembeza ukutani kila siku wakimpaka rangi tofauti, adui akadhani wana kundi zima na akakata tamaa. Sikuombi ukiamini.

Tahadhari ya tiketi: zipo za aina zaidi ya moja, na si zote zinazoingiza vyumba hivyo vya ghorofani. Soma kabla ya kulipa. Kufika hadi kule na kurudi bila kuona dari la dhahabu ni kupanda mlima bure.

Lisbon nitasema kwa kifupi, kwa sababu ndani hakuna mengi. Kuta zilijengwa na Waislamu katika karne ya 11, mfalme Afonso Henriques akaziteka mwaka 1147 akisaidiwa na wapiganaji wa vita vya msalaba waliokuwa njiani kwenda mashariki. Ikawa ikulu. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliibomoa vibaya, na mwonekano wa sasa, minara 11 iliyonyooka na kingo zake za meno, umetokana kwa kiasi kikubwa na ukarabati wa mwaka 1938 hadi 1940. Kwa anayetaka mawe ya kale kweli, akaone sehemu ya uchimbaji upande wa mashariki, penye misingi ya nyumba za Waislamu na mabaki ya zama za chuma. Kwenye mnara mmoja kuna chumba cha giza chenye vioo na lenzi kinachomulika picha hai ya mji kwenye sahani kubwa. Watu wanatembea, magari yanapita, nawe unawatazama kwa juu. Hali ya hewa ikiwa mbaya hakifanyi kazi.

Lakini kwa msomaji wa Kiswahili Lisbon ina jambo ambalo zile mbili hazina. Mwaka 1497, Manuel I alipomtuma Vasco da Gama, ikulu ya mfalme ilikuwa bado kilimani hapa. Aprili ya mwaka uliofuata meli hizo zilikuwa Mombasa na Malindi. Baadaye ikulu ilihamishiwa chini kando ya mto Tagus, karibu na bandari na mali zake. Ukisimama ukutani ukaangalia mto ule mpana unaoelekea baharini, historia uliyofundishwa darasani inapata upande wa pili. Na kama umewahi kuingia Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, linganisha kuta: ya Mombasa ni pana, fupi na yenye kona kali, kwa sababu ilijengwa kukabili mizinga. Hii ya Lisbon ni nyembamba na ndefu kwenda juu, ya enzi za mishale na ngazi.

Hewa, umati na msimu

Edinburgh ni upepo. Siku ya dhoruba ngome inaweza kufungwa kabisa, kwa hiyo usiipange siku ya mwisho kabla ya ndege. Agosti mji hufurika kwa matamasha, hoteli hupanda bei, na uwanja wa mbele ya lango hujazwa majukwaa ya maonyesho ya bendi za jeshi, ambayo huanza kujengwa wiki kadhaa kabla na huharibu mandhari ya kuingilia. Mei au Septemba ni bora zaidi. Nunua tiketi mtandaoni na uchague saa ya kwanza asubuhi, saa tatu na nusu.

Salzburg mvua yake ni maarufu: nyembamba, ya kudumu, inaanza asubuhi na haina haraka. Uzuri ni kwamba sehemu kubwa ya ngome iko ndani, hivyo mvua haikunyimi kitu ila mandhari ya milima. Julai na Agosti ni msimu wa tamasha la muziki lililoanza mwaka 1920, na vyumba vya hoteli ni vya kugombania. Mji wenyewe ni mdogo, wakazi laki moja na nusu hivi, na wote unautembea kwa miguu.

Lisbon ina jua, na juu ya ukuta kivuli ni kidogo. Majira ya joto nenda jioni, kwa sababu hubaki wazi mpaka saa tatu usiku. Mchana wa Julai ni mateso. Ngazi za kupanda kutani ni nyembamba. Mtoto mdogo mshike mkono.

Ukiwa ndani hutaiona

Ngome ya kilimani ina tabia moja ya kuudhi: ukiwa juu yake, unaona kila kitu ila yenyewe. Kwa hiyo hesabu saa moja ya kwenda kuitazama kutoka mahali pengine, na hilo halilipiwi. Edinburgh nenda ngazi za The Vennel, upande wa Grassmarket, au Calton Hill asubuhi. Salzburg panda Kapuzinerberg, ng'ambo ya mto Salzach, jioni mwanga ukiipiga ngome. Lisbon nenda Graça au Senhora do Monte, ambako unaona kuta, mapaa na mto kwa pamoja. Na hapa nitasema lisilopendwa na wauza tiketi: kwa Lisbon, kama una euro za kubana au muda mfupi, ukiishia Graça hujapoteza kikubwa. Salzburg na Edinburgh siwezi kusema hivyo, kwa sababu mali iko ndani.

Ningechagua ipi

Kama ni siku mbili, mara ya kwanza, na ngome ndiyo sababu ya safari, Salzburg. Inapandika kwa urahisi, imekamilika, mvua haiiharibu, na nusu siku inatosha ukabakiwa na mji wa kutembea. Ukishamaliza usirudi kwa treni ya kamba. Fuata njia ya mlimani ya Mönchsberg kuelekea magharibi, chini ya miti, hadi kwenye jumba la sanaa ya kisasa, kisha ushuke kwa lifti iliyochongwa ndani ya mwamba. Ni matembezi ya chini ya saa moja na mengi ni tambarare.

Kama wewe ni mtu wa kusoma kila kibao kwenye makumbusho, na viza ya Uingereza unayo, Edinburgh inaizidi Salzburg kwa mbali, mradi uipe nusu siku nzima na koti la maana. Anayesafiri na babu au bibi hapo afikirie mara mbili.

Lisbon ni ya anayekwenda kwa ajili ya mji wenyewe: chakula, mto, jua, vichochoro vya Alfama, mtaa wa kale chini ya ngome. Ngome iwe kituo cha saa moja na nusu jioni. Uwanja wa ndege uko mjini na metro inafika mpaka pale, kwa hiyo hata ukiwa na mapumziko marefu kati ya ndege mbili, na viza inakuruhusu kutoka, inawezekana: metro hadi Rossio, basi 737, na kurudi. Acha begi kubwa uwanja wa ndege. Yale mawe ya kuteleza na magurudumu ya begi havipatani.